Sekunde Nne Baada ya Bei

Mimi ni fundi. Kazi yangu ni waya, hedifoni, kompyuta na ile mashine inayorekodi simu zote za ofisi. Kitu kikiharibika nalaumiwa mimi, kikifanya kazi hakuna anayekumbuka kama nipo. Nimeshazoea. Nasema haya mapema ili usije ukadhani nasimulia habari za Nukta kwa kuwa tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Alikuwa ananikera kuliko dada yangu wa damu. Nasimulia kwa sababu katika habari yake mimi pia nimo, na nimechoka kujifanya simo.

Nukta si jina lake. Wauzaji walimbandika kwa sababu ya maneno aliyokuwa akiwaimbia kutwa: "Taja bei, weka nukta." Kampuni yetu inauza machujio ya maji ya nyumbani kwa njia ya simu. Tuko ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, ukumbi mmoja mrefu wenye meza ishirini na mbili zilizotenganishwa kwa mbao zilizofunikwa zulia ili sauti zisigongane. Zinagongana vilevile. Muuzaji anampigia mtu asiyemjua, anajitambulisha, anauliza maji ya kunywa wanayapata wapi, anaeleza chujio, halafu anataja bei. Hapo kwenye bei ndipo mambo yalipokuwa yakiharibika. Muuzaji akishaitaja tu anaingiwa na woga, anaanza kubwabwaja: lakini tunaweza kuelewana, lakini kuna punguzo, lakini si lazima leo. Mteja hajasema hata neno moja, mwenzake keshajishusha mpaka chini ya meza.

Kabla ya Nukta, mafunzo yetu yalikuwa kichekesho. Mara moja kwa mwaka analetwa bwana mmoja mwenye suti, anapiga kelele asubuhi mpaka jioni, watu wanaambiwa wasimame wapige makofi na kujiita simba. Wiki inayofuata simba wote wamerudi kubwabwaja. Meneja wa mauzo, ambaye sisi tulimwita Asilimia kwa kuwa hajawahi kumaliza sentensi bila kuitaja, alikuwa akibandika ukutani orodha ya majina, wa kwanza mpaka wa ishirini na mbili. Wa ishirini na mbili alikuwa akija kazini amejikunyata kama amelowa mvua. Huo ndio uliokuwa usimamizi.

Nukta alikuwa ameuza kwa simu miaka tisa kabla ya kupewa kufundisha. Siku ya kwanza aliibandua ile orodha, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Siku ya pili alikuja chumbani kwangu.

"Kaka, nataka simu moja isikilizwe na watu wawili."

"Hilo haliwezekani."

"Nitarudi saa nane."

Saa nane akarudi na kweli nilikuwa nimeshamtengenezea. Ni waya tu wenye vichwa viwili, anavaa muuzaji na anavaa yeye. Akaanza kukaa na kila mmoja, saa nzima kila wiki, kimya, na daftari mapajani. Mwishoni anamwambia jambo moja. Moja tu. Analiandika kwenye kikadi, anakibandika mbele ya muuzaji, na halitolewi wala haliongezwi la pili mpaka hilo liwe limekaa. Mwingine kadi yake ilisema USICHEKE KABLA YA MTEJA. Mwingine ULIZA, HALAFU SUBIRI. Wauzaji walimpenda. Mume wake, seremala mpole asiye na maneno mengi, aliniambia nyumbani hathubutu kuomba chumvi mara mbili, maana atachambuliwa alivyoiomba. Nukta mwenyewe alikuwa akisema kufundisha ni kusikiliza, basi, na mengine ni mbwembwe. Alijivunia masikio yake, na mimi niliyemfungia zile hedifoni sikuwa na sababu ya kumbishia.

Sasa nimfikie Kinanda. Huyu alikuwa muuzaji wa meza ya tatu, karibu na dirisha, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene kidogo, mwenye sauti iliyotulia, ndiyo iliyompa jina hilo, ambayo hata ukimpigia kwa kukosea namba hutaki kukata simu. Aliishi peke yake kwenye chumba cha kupanga, na Jumapili alikwenda kwa mama yake. Kwa mauzo alikuwa wa katikati tu. Shida yake ilikuwa ile ile ya kubwabwaja baada ya bei.

Siku hiyo Nukta alikuwa amekaa naye. Kwenye simu alikuwa kinyozi mmoja mwenye saluni, mtu mkali, tangu mwanzo anajibu kwa mkato: sina haja, nina kazi, sema haraka. Kinanda akasema, akafika kwenye bei, akaitaja. Halafu akanyamaza. Hakubwabwaja, hakutaja punguzo. Sekunde moja, mbili, tatu, nne. Na yule mkali akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Haya. Mnaleta lini?"

Nukta alivua hedifoni kabla simu haijaisha, akasimama, akanionyesha kidole kutoka upande wa pili wa ukumbi, maana yake niweke alama hapo. Kinanda alipokata simu, Nukta alimkumbatia palepale kwenye kiti.

"Umeipata wapi hiyo?"

Kinanda alikuwa ameshika kifua, anacheka. "Sijaipata popote, dada. Imetokea tu."

Nukta akamwandikia kadi: RUDIA KILE KIMYA.

Akaniomba nimtengenezee ile rekodi, iwe safi, aitumie kwa wengine. Na hapa ndipo nilipo mimi. Nilipoisikiliza nilikuta ndani ya zile sekunde nne kuna mkwaruzo, pumzi inavutwa kwa shida, kama mtu aliyepanda ngazi na ndoo ya maji, halafu kama kitu kinakwama. Nikaona ni uchafu wa sauti. Nikaufuta, pakabaki kimya kitupu. Mwishoni, baada ya kupanga siku ya kuleta chujio, yule kinyozi alisema maneno mengine mawili matatu yasiyohusu biashara. Nayo nikayakata. Nilifanya kazi nzuri, wacha niseme ukweli, ile rekodi ilitoka safi sana.

Wiki saba baadaye Kinanda alifariki. Jumamosi mchana, mlangoni kwake, funguo mkononi. Moyo, walisema, ulikuwa umechoka kwa muda mrefu. Tulikwenda kumzika wote, ofisi ikafungwa, hata Asilimia alikaa siku nzima bila kutaja hesabu. Nukta alilia mpaka akaishiwa na sauti, na sisi tukasema masikini, alimpenda.

Jumatatu meza ya tatu ilipewa mtu mwingine, na ile rekodi ndiyo ikawa somo. Nadhani Nukta aliiona kama njia ya kumweka Kinanda asipotee. Kila muuzaji, wa zamani na mgeni, alikalishwa, akaisikiliza mara kumi, akaifuatisha. Na mtu akifuatisha kitu mara kumi hachukui kimya peke yake, anachukua vyote. Walichukua na ule mtuo wake kabla ya bei, na namna alivyokuwa akiivuta herufi ya mwisho. Baada ya miezi minane, ukisimama katikati ya ukumbi saa nne asubuhi, simu zote zikiwa hewani, ulikuwa unamsikia Kinanda kulia, Kinanda kushoto, Kinanda nyuma yako. Halafu bei. Halafu kimya kinapita meza hadi meza, huku kinaisha, kule kinaanza. Mimi mtu mzima, sina mambo ya mizimu, lakini nilianza kula chakula changu cha mchana kwenye ngazi. Mauzo yalikuwa yamepanda kwa theluthi moja. Asilimia alikuwa anatembea kifua mbele.

Akaamua rekodi ipelekwe matawi yote matano, na Nukta awe mkuu wa mafunzo wa kampuni nzima, mwenye ofisi yenye mlango. Alisema itakwenda Jumatatu. Alhamisi kabla ya hiyo Jumatatu, Nukta alikaa na msichana wa meza ya kumi na moja, mgeni, anawapigia wateja wa zamani kuwauzia kiini kipya cha chujio. Kwenye orodha akafikia saluni ya kinyozi.

Msichana akasema maneno yake, akataja bei, akaweka kimya. Nukta alikuwa amevaa hedifoni.

"Dada," kinyozi akasema, "bado tu hicho kifua? Si nilikwambia ukapimwe?"

Msichana akachanganyikiwa. Akamwambia si yeye, ni mtu mpya. Kinyozi akaomba radhi, akasema sauti zimefanana sana. Halafu akaeleza, maana vinyozi hawajui kunyamaza: yule wa mwanzo alikuwa hawezi kupumua, alimtajia bei akabaki anatweta kwenye simu, mpaka yeye akaogopa. Chujio alikuwa halitaki. Alilichukua ili yule dada asihangaike kuongea zaidi. "Je, alipona?" akauliza.

Nukta aliingia chumbani kwangu bila kubisha. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nipe ile rekodi nzima. Kabla hujaigusa."

Ningeweza kusema sina. Ninayo, rekodi ya mwanzo siifuti, ndiyo tabia yangu. Nikaiweka. Tukasikiliza pumzi inavutwa, ikikwama, ikivutwa tena. Tukasikiliza mwisho wake, kinyozi akisema, "Dada, samahani, lakini kapime hicho kifua. Mama yangu alianza hivyohivyo," na Kinanda akijibu, "Asante kaka, nitakwenda." Nukta akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia mimi ndiye niliyefuta. Alikuwa amefungua daftari lake.

Alinisomea yote, wiki moja baada ya nyingine. Wiki ya kwanza: kimya kizuri. Wiki ya pili: kimya kizuri, kimerefuka. Wiki ya tatu Kinanda alikuwa amemwambia, "Dada, hiki kimya kinanichosha," na Nukta alikuwa ameandika: analalamika uchovu, atiwe moyo. Wiki ya tano: anakiweka hata katikati ya sentensi, mwambie asubiri bei. Mwandiko wake ni mzuri, wa kishule, na nusu ya mistari ameipigia mstari kwa rangi nyekundu.

"Nilikuwa pembeni yake," akasema. "Mkono wangu unagusa wake. Nilikuwa namsikiliza mteja."

Nikamwambia ugonjwa ni ugonjwa, asijitwishe. Akanikata jicho.

"Usinifariji, wewe. Nataka kwenda kwa mama yake kabla ya Jumatatu. Nataka yeye aniambie kama nimemuua mtoto wake. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, nitaweza kulala."

Jumapili saa tisa alasiri tulikwenda wote wawili. Mama yake Kinanda ni mshonaji, cherehani yake iko karibu na mlango apate mwanga. Tulipobisha hodi na kusema tunatoka kazini kwa marehemu, alifurahi, na hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Alitutolea viti, akaondoa vitambaa, akatuuliza habari za watu ambao hatukujua kwamba anawajua: yule anayepigwa na mkewe kwa maneno amepatana naye? Yule aliyekuwa mjamzito amejifungua salama? Kinanda alikuwa anamsimulia kila kitu. Isipokuwa kifua.

Nukta akaanza. Hakupamba. Alimweleza kadi, kile kimya, kinyozi, daftari. Akamwambia kuna rekodi, tumekuja nayo, asipotaka kuisikia haitawekwa. Mama alifuta mikono kwenye gauni, akasema iwekwe. Nikaiweka kwenye simu yangu, juu ya meza ya cherehani, kati ya mkasi na chaki.

Sauti ya mtoto wake ilipoanza alitabasamu. Ilipofika kwenye bei na zile pumzi zikaja, midomo yake ikawa inafunguka na kujifunga, anavuta hewa pamoja naye. Mimi nilitazama sakafu. Rekodi ikaisha.

"Mimi nilikuwa namwona Jumapili," mama akasema. "Ameshalala Jumamosi yote, amejipaka mafuta, anacheka. Kanidanganya siku moja kwa wiki, ameweza. Wewe ulikuwa unamsikiliza siku za kazi, umevaa vitu masikioni."

"Ndiyo, mama."

"Na kinyozi kasikia. Naye hamjui hata sura."

"Ndiyo, mama. Akili yangu ilikuwa kwa mteja."

"Najua. Ndiyo kazi yako." Akasimama, akavuta kitambaa kwenye cherehani, akaingiza uzi. "Hao mnaowafundisha, nao wanakaa kimya kama yeye?"

"Wote. Ishirini na wawili."

Hakusema ndiyo wala hapana. Akaanza kushona, na sauti ya cherehani ikajaa chumba kizima, tukajua tumeshaagwa. Njiani Nukta hakulia. Aliniambia tu kwamba atakuwa anampigia simu mama yule kila Jumapili saa tisa, siku ile na saa ile aliyokuwa akienda mwanawe, mpaka amjibu.

Jumatatu Asilimia aliita watu, akaleta na soda. Nukta akasimama mbele ya wote akasema rekodi haiendi popote na hata hapa haitumiki tena, akaeleza kwa nini. Msichana wa meza ya kumi na moja alifunika mdomo. Asilimia alisikiliza kwa adabu, halafu akasema anasikitika sana, ila jambo lenyewe linafanya kazi, asilimia thelathini na tatu, na kama tatizo ni sauti basi mtu mwingine airudie kwa sauti yake. Angeweza kuwa Nukta mwenyewe.

"Mimi sirudii," Nukta akasema.

"Basi anayefundisha atakuwa mwingine."

Asilimia akanigeukia mimi, akaniomba ile safi. Nikamwambia mashine imeila. Mimi, ambaye sijawahi kufuta rekodi nzima, nilikuwa nimeifuta ile safi saa moja asubuhi na kubakisha ile nzima. Nilipewa barua ya onyo, ninayo nyumbani, imeandikwa vizuri. Nukta alirudishwa kwenye simu, muuzaji wa kawaida, meza ya mwisho karibu na choo. Yule bwana wa suti amerudi, na watu wanasimama tena kujiita simba. Ila nimeona kitu kimoja: mtu akikohoa kwenye simu, wenzake wawili watatu wanainuka kumtazama. Hakuna aliyewaamuru, na Asilimia hana safu ya kuliandika hilo.

Na Jumapili Nukta anapiga simu. Anapigia chumbani kwangu ofisini, kwa sababu anasema nyumbani mumewe atasikia. Jumapili ya kwanza mama alisema "Nani?" akaambiwa, akakata. Ya pili alisema "Haya," akakata. Ya tatu na ya nne hakupokea. Nilimwambia Nukta amwache mama wa watu apumue, akaniuliza kama sikupata neno lingine zaidi ya hilo "apumue".

Jumapili ya tano mama alipokea, na hakukata. Nukta akamwamkia, akamuuliza hali, akauliza kazi za kushona. Mama akajibu kwa ufupi. Mimi nilikuwa najifanya nafunga waya. Halafu Nukta akafika kwenye lile alilokuwa amelibeba wiki zote hizo. "Mama," akasema, "naomba unisa—" na neno likamkwama. Alifungua mdomo, hewa ikaingia, sauti isitoke. Nilimwona anashika kifua. Sikutaka kuhesabu lakini nilihesabu, ndivyo nilivyozoeshwa, na zilikuwa sekunde nyingi kuliko nne.

Upande wa pili cherehani ilisimama. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nilisikia kila neno.

"Pumzika kwanza, mwanangu," mama akasema. "Usiongee. Mimi sinunui kitu, sina haraka."

Nukta akainamisha kichwa juu ya meza yangu, akavuta pumzi, na mama yule akakaa kwenye simu anamsikiliza akipumua, mpaka salio likaisha. Yule mama alikuwa anaongea na nani, na Nukta au na marehemu mwanawe, mimi sijui. Nukta bado anapiga kila Jumapili, na hajawahi kumuuliza.